Namna ya kuandika sababu zako za kutaka kusoma uchumi: anzia mwaloni

Barua nyingi za wanafunzi wanaoomba kusoma uchumi huanza na sentensi moja: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuikomboa nchi yangu kutoka katika umaskini." Nimeisoma mara nyingi, kwa sababu nafundisha somo hili kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza, na vijana huniletea rasimu zao kabla ya kuzituma. Nia iliyomo ni njema. Shida ni kwamba anayeisoma hamwoni aliyeiandika. Anaweza kuwa wa Mwanza, wa Mtwara au wa Moshi, na ukiondoa neno "uchumi" anaweza kuwa anaomba sheria au udaktari.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye sababu zako mwenyewe. Utauhitaji ukiomba ufadhili, ukiomba chuo cha nje ya nchi, au ukiitwa kwenye usaili. Vyuo vya nyumbani huchagua waombaji wa shahada ya kwanza zaidi kwa alama za mtihani, wala hawakuombi insha ya maisha yako. Hata hivyo nakushauri uifanye kazi hii kabla hujajaza fomu yoyote, maana miaka mitatu ya chuo ni mirefu kwa mtu asiyejua anatafuta nini.

Andaa daftari dogo, kalamu, na siku 30.

Hatua ya 1: Tafuta bei usiyoweza kuieleza

Weka pembeni vitabu kwanza. Uchumi umejaa mtaani kwenu, na mahali unapojitokeza wazi zaidi ni kwenye bei. Tafuta bei moja ambayo umekuwa ukiiona kila siku bila kujua kwa nini iko vile.

Kwa anayeishi kando ya Ziwa Victoria, mimi humwelekeza kwenye dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta, wanakusanyika, nyavu zinafanya kazi yake. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu tena, dagaa hutawanyika, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Ndiyo maana mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, mwezi una sehemu mbili, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza watu hawalali. Wakati wa mbalamwezi wanatengeneza nyavu, wanakwenda kuwaona ndugu, wanadaiwa. Bei nayo hupanda na kushuka na mwezi huo huo unaouona ukiwa umekaa nje ya nyumba yenu.

Kama huishi karibu na dagaa, zipo bei nyingine. Mabondo ya sangara, ambayo ni kifuko cha hewa kilichomo ndani ya samaki, kilo yake huuzwa kwa fedha nyingi kuliko kilo ya minofu yenyewe. Fuatilia hadi ujue anayeyataka yuko wapi. Mapanki yanayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa yana bei na wateja wake. Pamba ina bei ya msimu, na mkulima wa Magu au Kwimba huisikia akiwa ameshavuna. Kwa anayeishi upande wa Sengerema, kulikuwa na muda uliotumika kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025. Muda nao una bei, ingawa hakuna anayeuandikia risiti.

Chagua moja tu. Anayechagua tano hataifahamu hata moja.

Hatua ya 2: Iandike kwa siku 30

Nasema 30 kwa sababu mwezi wa angani huchukua takriban siku 29 na nusu kuzunguka. Ukiandika kwa siku 30 utakuwa umeona giza na mbalamwezi kwa ukamilifu. Ukiandika kwa wiki moja utaiona nusu ya hadithi na kuidhania ndiyo yote.

Chora safu sita: tarehe, hali ya mwezi, bei ya ndoo ya dagaa wabichi, bei ya sado (ndoo ndogo ya kupimia) ya dagaa wakavu, mvua au jua, na sentensi moja aliyoisema muuzaji. Safu hiyo ya mwisho wanafunzi huipuuza, na ndiyo itakayokuandikia barua.

Nenda kwa muuzaji yule yule, saa ile ile, uulize kipimo kile kile. Hili la kipimo ni la kuzingatia. Sado iliyojazwa kwa kilima na sado iliyosawazishwa juu kwa kiganja ni bei mbili tofauti hata kama muuzaji anataja fedha sawa. Mara nyingi bei haipandi kwa shilingi, inapanda kwa kilima kupungua. Aliyeliona hilo kwa macho yake ameshaanza kufikiri kama mchumi.

Mvua iandike pia. Dagaa huanikwa juani, na mvua ya siku mbili mfululizo inaweza kuwaharibu wakaishia kuwa chakula cha kuku, ambacho bei yake ni ya chini. Usipoandika mvua utakuja kuusingizia mwezi kosa lisilo lake.

Kuhusu namna ya kuuliza: usiende saa ya heka heka wakati mzigo unashuka, usimpige mtu picha bila ruhusa, na nunua chochote, hata kidogo. Kisha sema ukweli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupimie?"

"Nipimie kopo moja, mama. Halafu naomba kukuuliza, leo sado inakwendaje?"

"Wewe ni wa mapato?"

"Hapana mama, mimi mwanafunzi. Nataka niwe naandika bei kila siku, kwa ajili ya masomo yangu."

"Haya, andika. Ila jina langu usiliandike."

Na usiliandike kweli. Kwenye daftari mwite "mama wa kona" au "muuzaji wa kwanza". Amekupa sehemu ya riziki yake uisome, na heshima hiyo lazima ionekane hadi kwenye barua.

Hatua ya 3: Uliza "kwa nini" mara tatu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapowaomba vijana wasikimbie.

"Kwa nini" ya kwanza ni rahisi. Kwa nini bei ilipanda? Kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kali na dagaa wakaadimika. Hata mtoto wa darasa la tano wa Igombe anajua jibu hilo. Ukiishia hapo, barua yako itasema ugavi ukipungua bei hupanda, na msomaji atakushukuru na kufungua barua inayofuata.

Sasa rudi kwenye daftari ulinganishe safu mbili, wabichi na wakavu. Angalia ni ipi inayorukaruka zaidi. Dagaa mbichi hawezi kusubiri kesho, kwa hiyo bei yake inafuata mavuno ya usiku ule ule. Dagaa mkavu anakaa ghalani. Mwenye mtaji anaweza kununua magunia wakati wa giza, bei ikiwa chini, akauza wakati wa mbalamwezi. Kila anayefanya hivyo anaongeza mzigo sokoni wakati wa uhaba, na kwa kufanya hivyo anaizuia bei isipande sana. Ghala, kwa maneno mengine, linahamisha dagaa kutoka wiki moja kwenda nyingine, kama lori linavyowahamisha kutoka soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza kwenda Burundi au Kongo.

Hiyo inaleta "kwa nini" ya pili. Kama kusubiri kuna faida, na kama kila mtu pale anajua mbalamwezi inakuja, kwa nini mama wa kona anauza mzigo wake wote wiki ya bei ya chini?

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alilibeba swali hilo akamrudia muuzaji wake. Jibu alilopewa aliliandika kwenye ile safu ya sita: "Kausha damu haisubiri mwezi." Mikopo tunayoiita kausha damu ina riba kali na marejesho ya haraka, mengine ya kila siku. Anayedaiwa leo jioni hawezi kuhifadhi gunia hadi wiki mbili zijazo, hata akijua kwa uhakika kwamba litamletea zaidi. Mama yule alikuwa anaijua bei ya kesho vizuri kuliko mimi mwalimu wa uchumi. Alichokosa ni uwezo wa kuingoja.

"Kwa nini" ya tatu ikazaliwa hapo hapo. Kwa nini benki haimkopeshi mtu huyu kwa riba nafuu, wakati gunia lake la dagaa ni mali ya kweli? Je, ni kwa sababu benki haiwezi kujua kama dagaa wale ni wazuri au wamejaa mchanga? Je, ni kwa sababu hakuna ghala ambalo stakabadhi yake inaaminika? Mbona vikoba vya akina mama vinakopeshana bila dhamana, na fedha zinarudi? Mwanafunzi hakuwa na majibu, wala hakuhitaji kuwa nayo. Alikuwa na swali lake mwenyewe, lililotoka kwa mtu anayemfahamu, na hakuna mwombaji mwingine aliyekuwa nalo. Swali la namna hiyo ndilo sababu ya kutaka kusoma uchumi.

Wakati mwingine "kwa nini" itakupeleka mbali sana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika soko lake, baada ya hofu kwamba wapo waliovuliwa kwa sumu. Uamuzi ulifanyika Ulaya, lakini waliopoteza mnunuzi walikuwa wavuvi wa sangara wa visiwani. Kama kwenu kuna mtu mzima aliyekuwa akivua wakati ule, kaa naye jioni moja umsikilize.

Hatua ya 4: Jua nani ameshaliuliza swali lako

Sasa fungua vitabu. Utakuta swali lako lina ndugu, na kuwataja mmoja au wawili kunaonyesha kwamba unajua unaingia nyumba gani.

Ukiwa na swali la mchanga ndani ya dagaa, yupo Mmarekani George Akerlof. Mwaka 1970 aliandika kuhusu magari yaliyotumika: muuzaji anajua kama gari ni zima au ni mkweche, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wastani, na mwenye gari zima anaona afadhali asiuze. Mwisho soko linabaki na mikweche. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2001. Msome, halafu mfikirie mama anayeanika dagaa wake juu ya kichanja, wakati jirani anaanika mchangani, na mnunuzi wa jumla anawalipa bei moja.

Ukiwa na swali la samaki kupungua, yupo H. Scott Gordon wa Kanada, aliyeeleza mwaka 1954 kwamba pale samaki asipokuwa na mwenyewe, wavuvi wataendelea kuongezeka hadi faida iishe, hata kama hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Elinor Ostrom akaja kuonyesha kwamba wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kujiwekea kanuni na kusimamiana wenyewe. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Kwetu mialo ina BMU, vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi. Kamuulize mjumbe wa BMU nini hutokea mtu akikamatwa na kokoro, wavu uliopigwa marufuku, na nini hutokea aliyekamatwa akiwa shemeji yake.

Ukiwa na swali la simu na bei, mtafute Robert Jensen, ambaye utafiti wake uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba simu za mkononi zilipofika kwa wavuvi wa Kerala nchini India, tofauti za bei kati ya soko na soko zilipungua sana, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakapata pa kwenda. Linganisha na daftari lako.

Kisha fanya hesabu moja kwa mkono. Namba hizi ni za mfano tu: tuseme sado ilipanda kutoka shilingi 10,000 hadi 15,000, na mama akauza sado 32 badala ya 40. Bei imepanda kwa asilimia 50, mauzo yameshuka kwa asilimia 20. Gawa 20 kwa 50, unapata 0.4. Wachumi huuita huo unyumbufu wa mahitaji, na ukiwa chini ya 1 maana yake watu hawaachi dagaa kwa urahisi. Fedha iliyoingia imetoka 400,000 hadi 480,000. Lakini usikimbilie kusema mama amefaidika: je, yeye mwenyewe alinunua kwa bei gani? Iandike hesabu hivyo hivyo, pamoja na shaka yako. Mwombaji anayeonyesha mahali hesabu yake inapoishia huaminika kuliko anayejifanya ameimaliza.

Hatua ya 5: Hakikisha unachotaka ni uchumi

Hii ni fupi ila usiiruke. Kama kinachokusisimua ni namna ya kumsaidia mama auze zaidi, huenda unataka biashara. Kama ni kumpangia mapato na matumizi yake, angalia uhasibu. Kama ni mayai ya sangara na ukubwa wa matundu ya nyavu, sayansi ya uvuvi inakuita. Uchumi unauliza kwa nini wote hawa kwa pamoja, mvuvi, mchuuzi, mkopeshaji na mlaji, wanafikia bei ile na mgawanyo ule wa faida.

Uchumi wa chuo pia ni hisabati. Anayetoka EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ameshaizoea. Anayetoka HGE (historia, jiografia na uchumi) au ECA (uchumi, biashara na uhasibu) akiwa na BAM, yaani hisabati ya msingi, asiogope, ila aanze kujifua sasa: milinganyo, grafu, kanuni za mabadiliko, takwimu. Ukiwa na muda wa kuongeza juhudi kwenye somo moja, liwe hilo.

Na mzazi akiuliza utaajiriwa wapi, ana haki ya kuuliza. Mweleze kwamba wachumi wapo halmashauri kama maafisa mipango, wapo Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Benki Kuu, mamlaka ya mapato, taasisi za utafiti. Usimwahidi ajira. Mwonyeshe daftari lako. Nimeona baba mmoja, mvuvi, akilisoma ukurasa kwa ukurasa na kumsahihisha mwanawe bei za wiki ya tatu.

Hatua ya 6: Andika, kwanza kwa Kiswahili

Hata kama fomu ni ya Kiingereza, rasimu ya kwanza iandike kwa lugha uliyoulizia maswali sokoni. Wanafunzi wanaoanza na Kiingereza hukimbilia maneno makubwa waliyoyakariri, na mama wa kona hutoweka. Ukishamaliza, ndipo uifasiri, kwa sentensi fupi.

Angalia kwanza fomu inataka nini. Wanaoomba vyuo vya Uingereza kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, kwa masomo yanayoanza mwaka 2026 na kuendelea, hawaandiki tena insha moja ndefu. Wanajibu maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nini kingine umefanya nje ya darasa. Majibu yote kwa jumla hayazidi herufi 4,000, nafasi zikiwemo. Daftari lako linajibu la kwanza na la tatu, hesabu yako inajibu la pili.

Hivi ndivyo aya moja inavyoweza kukaa. Usiinakili, maana siku 30 si zako:

"Kwa siku 30 niliandika bei ya dagaa katika mwalo ulio karibu na nyumbani. Nilitarajia kukuta bei ikipanda wakati wa mbalamwezi, na nikaikuta. Nisilolitarajia ni kwamba mama anayeuza pale alijua fika itapanda, na bado aliuza mzigo wote wiki ya bei ya chini, kwa sababu mkopo wake ulidai marejesho kila siku. Mpaka hapo nilidhani watu hupata hasara kwa kutojua. Sasa nataka kuelewa ni lini kuijua bei humsaidia mtu, na ni lini anachokosa ni uwezo wa kusubiri."

Haina neno "ndoto" wala "umaskini", na bado unajua mwandishi anamjali nani.

Hatua ya 7: Futa, kisha itunze

Futa kila sentensi ambayo mwanafunzi wa mkoa mwingine angeweza kuiandika bila kubadilisha kitu. Futa sifa ulizojipa: mchapakazi, mwenye bidii, kiongozi. Siku 30 za kwenda sokoni saa ile ile zimeshasema hayo. Futa jina la mchumi yeyote ambaye hukusoma alichoandika, kwa sababu kwenye usaili wanaweza kukuuliza.

Msomee mtu wa nyumbani asiyesoma uchumi. Akikatiza kwa swali la "sasa ikawaje?", aya hiyo iache ilivyo. Akiitikia tu "vizuri, vizuri", irudie. Kisha rudi kwa mama wa kona, umsomee sehemu inayomhusu, na umuulize kama umemwelewa sawasawa. Akikusahihisha, sahihisha.

Daftari usilitupe baada ya kutuma barua. Lipige picha kurasa zote, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na siku ya usaili nenda nalo. Ukiulizwa bei ilikuwaje siku ya 17, fungua ukurasa uwasomee, pamoja na kile alichosema muuzaji asubuhi hiyo.